Mkimwemwe wa Bi Mbodze

Wageni waliofika nyumbani kwa Bi Mbodze, bara kidogo ya Msambweni, waliyaona kwanza makuti. Yalikuwa yameegemezwa ukutani mafungu kwa mafungu, mabichi upande mmoja na makavu upande wa pili, yakingoja wanunuzi. Kisha waliuona mpapai, na tangi jeusi la maji alilonunuliwa na mwanawe. Mkimwemwe hawakuuona. Ulisimama peke yake kwenye kona ya mashariki ya ua, shina la kijivu lenye matawi magumu, majani yake yametoka matatu matatu na kujikusanya kwenye ncha. Kwa miaka kumi na miwili ulikuwa umefika kifuani mwa Bi Mbodze tu, naye si mwanamke mrefu.

Mkimwemwe wa msituni wengi wanaujua. Ua lake hufunguka jeupe, pana kama kiganja, na kesho yake huwa limegeuka rangi ya samli. Harufu yake humfikia mtu kabla hajauona mti wenyewe. Lakini ni mti usiojua haraka. Tunda lake ni gumu kama kokoto. Bi Mbodze alilitundika juu ya moshi wa jiko kwa miezi mitatu, akalipasua kwa shoka, akaziloweka mbegu, akazipanda kumi. Ziliota mbili, na moja ikaliwa na mbuzi. Iliyobaki aliilea kwa maji ya kuoshea mchele na majivu yaliyopoa, akaizungushia miiba, na kila baada ya mvua za masika aliupima urefu wake kwa ukili wa kushonea makuti, akafunga fundo. Mwaka mmoja fundo jipya lilikaa juu ya la zamani, kwa kuwa mti haukuwa umeongezeka hata kidogo.

Ule mti haukuchanua hata mara moja. Hilo ndilo lililomtesa, nami nina mkono wangu katika mateso hayo. Nilisomea mimea chuo kikuu. Nina kitalu cha miche pale Ukunda, na watu wa hoteli huniita nikawaambie kwa nini maua yao yanakufa. Sina hakika kama elimu hiyo inanipa haki ya kuandika habari za Bi Mbodze. Huenda inaninyima. Lakini aliyewahi kumkosea mtu kwa maandishi, sijui atajirekebisha kwa njia gani nyingine.

Bi Mbodze alizaliwa upande wa Kikoneni, katika kijiji cha nyumba zisizozidi ishirini. Makuti alifundishwa kushona na nyanya yake kabla hajajua kuchota maji bila kuyamwaga. Aliolewa na Jaafar, mchimba visima, mtu aliyesifika kwa kutosema uongo hata mahali ambapo uongo ungemfaa. Mtoto wao wa kwanza, wa kiume, aliishi siku nne.

Katika ukoo wa Bi Mbodze, mtoto aliyefariki kabla ya siku ya saba, yaani kabla ya kupewa jina mbele za watu, hakuzikwa pamoja na wakubwa. Wanawake walimzika pembezoni mwa shamba, upande wa mashariki, bila jiwe, na kichwani pake wakapanda mbegu ya mkimwemwe. Mama hakumtaja tena, wala hakulionyesha kaburi kwa kidole. Kama ilibidi mtu alijue, mama alichukua kata ya maji akaumwagia mti mara tatu, akasimama. Aliyeona alielewa, akateremsha macho. Siku mti ulipochanua kwa mara ya kwanza ndipo mama aliporuhusiwa kulitamka jina alilokuwa nalo moyoni, mara moja, akiwa peke yake. Masheikh wa siku hizi wanasema hayo si ya dini, na pengine ni kweli. Bi Mbodze aliswali swala zake zote tano, na bado aliungoja mti wa mtoto wake, ule wa kwanza kule shambani, miaka kumi na minne. Ulichanua bintiye Hanifa akiwa darasa la tano na mwanawe Feisal akiwa bado anabebwa mgongoni. Jina alilolitamka siku hiyo hakuna aliyelisikia.

Kisha ikaja barabara.

Mwaka wa 2013 nilikuwa na miaka thelathini na minne, sina kazi ya kudumu, nikaajiriwa kuorodhesha mali za watu waliopitiwa na barabara mpya. Nilikwenda na mwenzangu Kaindi, aliyeshika utepe wa kupimia. Jaafar alikuwa ndani, mgonjwa. Bi Mbodze alitupokea uwanjani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, wanangu. Karibuni, ijapokuwa mmekuja kutufukuza."

"Hatumfukuzi mtu, mama. Sisi twaandika tu."

"Na panga nalo husema halikati, mkono ndio ukatao."

Kaindi alicheka, nami nikacheka. Tukaanza. Minazi, miembe, mkorosho uliokauka nusu, choo, kisima. Makaburi manane yenye mawe kichwani, ambayo yangehamishiwa makaburi mapya kwa utaratibu, kukiwa na sheikh na sanda. Nikamuuliza kama kuna kaburi jingine.

"Hayo ndiyo muyaonayo," alisema.

Akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. Alitembea polepole mpaka mwisho wa shamba, palipokuwa na mti wa kijivu wenye majani ya kung'aa, akaumwagia mara tatu. Kisha akasimama, akanitazama. Alinitazama muda mrefu. Namwona hata sasa ninapoandika: kanga imefungwa kifuani, kata imeinamishwa, tone la mwisho likining'inia kwenye ukingo wake.

"Na hicho?" niliuliza.

"Ni mkimwemwe."

"Huzaa tunda la kuliwa?"

"Hauliwi."

"Watoa mbao?"

"Haukatwi."

"Basi ni kichaka," akasema Kaindi, akiukunja utepe.

Nami, kwa kutaka kumchekesha zaidi, nikasema: "Mama, hata ukikimwagilia maji mpaka Idi, hakitageuka mwembe."

Aliitazama kata mkononi mwake. "Andika utakavyo, mwanangu. Wewe ndiye uliyesoma."

Niliandika: *Vichaka, havihesabiwi.*

Mzee yeyote wa kijiji kile, msichana yeyote mteka maji, angeiweka kalamu chini. Mimi wazazi wangu walitoka Ukambani wakapewa ardhi nyuma ya Shimba Hills. Nilizaliwa hapa, nimekula harusini na matangani kwa watu hawa tangu utotoni, nikaongea lugha yao ya pwani mpaka wajomba zangu wa Machakos wakanicheka. Sikuwahi kuuliza kwa nini mwanamke humwagia mti maji kisha akasimama.

Nililijua kosa langu baada ya miaka mitatu, na si kwa kulitafuta. Siku hiyo alifika kitaluni mama mmoja wa ukoo ule, Subira, kununua miche ya limau. Nilikuwa nimeotesha mikimwemwe michache kwa ajili ya bustani ya hoteli. Aliiona kwenye mifuko yake, akasita.

"Na huu nao wauuza?"

"Una maua mazuri sana," nikamjibu.

"Najua maua yake." Akanieleza, kwa maneno machache na kwa sauti ya chini, kama mtu anayemweleza mgeni mahali choo kilipo. Alipoondoka nilikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa mpaka wafanyakazi wakaniuliza kama naumwa.

Siku iliyofuata nilikwenda kwenye barabara. Lami ilikuwa mpya, nyeusi, na mistari yake bado myeupe. Nilikuwa na nakala ya ramani. Kutoka kalvati ya pili, bomba la maji lipitalo chini ya barabara, nilihesabu hatua thelathini na nne hadi mahali mti ulipokuwa. Lori la saruji lililokuwa likienda Lunga Lunga lilipita, ardhi ikatetemeka chini ya viatu vyangu. Nikarudi nyumbani. Sikumwambia mtu.

Tangu hapo nilipita pale mara nyingi, kwa kuwa riziki haikuniachia njia nyingine. Kila mwaka, mvua za kwanza zikisha kunyesha, niliisikia pale harufu ya ua la mkimwemwe, hata vioo vya gari vikiwa vimefungwa. Ipo mikimwemwe mingine katika vichaka vya jirani, na upepo huchukua harufu mbali. Nilijieleza hivyo kama ningemweleza mwanafunzi. Lakini nilipunguza mwendo kila mara, na walio nyuma yangu walinipigia honi.

Feisal alinipigia simu mwaka jana, mwezi wa Novemba. Yule aliyekuwa akibebwa mgongoni sasa ni mpishi wa hoteli moja ya Diani, kijana wa maneno mengi na mkono mwepesi. Tulijuana kwa sababu ya mirehani ya jikoni kwao. Alikuwa ameposa, akataka kujenga vyumba viwili uani kwa mama yake, huko walikohamia baada ya barabara.

"Kaka Mutinda, njoo unisaidie. Wewe ndiye msomi wa miti. Bi mkubwa atakusikia."

Nilikwenda Jumamosi baada ya adhuhuri. Bi Mbodze alikuwa ameketi kwenye mkeka akishona makuti, miguu ameinyoosha. Tangu siku ya kata hatukuwa tumeonana. Alinitambua mara moja. Nililijua hilo kwa namna alivyoacha kushona, kisha akaendelea.

"Shikamoo, Bi Mbodze."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa. Serikali imekulisha vizuri."

"Siko serikalini tena, mama."

"Basi ni mkeo. Mwambie ahsante."

Feisal alikuwa amekwisha kuchora msingi kwa chokaa. Mstari ulikuja moja kwa moja kutoka upande wa tangi na kuishia kwenye shina la mkimwemwe.

"Watazama mwenyewe, kaka. Nyumba nzima yasubiri kichaka. Nimesema tukihamishe, asema hakihami. Nimesema nitamletea waridi la hotelini, asema waridi nimpe mchumba wangu."

"Na umempa?" aliuliza mama yake bila kuinua macho.

"Bado, mama."

"Basi anzia huko. Nenda kamletee mgeni soda."

"Soda imo kwenye friji, mama, si mbali."

"Basi kaitazame mpaka ipoe."

Feisal alinikonyeza, akaingia ndani. Alitaka niseme neno moja tu: kwamba ule ni mti wa kawaida, upo msitu mzima. Na ni kweli upo. Bi Mbodze aliitoa sindano kwenye kuti akaichomeka kwenye kilemba chake.

"Wewe ndiwe uliyekuwa na karatasi," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Siku walipohamisha makaburi sisi wanawake hatukwenda. Jaafar alikuwa kitandani. Wanaume walirudi wakasema wote wamepelekwa. Sikuuliza wote wangapi, maana kwetu kuuliza ni kutaja. Nikajiambia, yule kijana nilimwonyesha. Alicheka, lakini vijana hucheka. Huenda aliandika."

Nilitaka kusema kitu, akaniinulia mkono.

"Nimekwenda makaburi mapya kila Ijumaa, miaka kumi na miwili. Nawasalimu wote, nijue simruki. Na huu mti niliupanda ili kama hakupelekwa awe na mahali pa kunikuta. Nikasema, ukichanua nitajua amenikuta. Haukuchanua. Sasa Feisal ataka kuoa, nami sitaki kumfunga mwanangu aliye hai kwa ajili ya yule. Basi niambie. Kama alilala na wenzake kule makaburini, huu ni mti wa ziada, Feisal aung'oe leo hii. Kama hakupelekwa, hana pengine ila hapa. Alipelekwa?"

Ndiyo. Neno hilo moja lingewatosha wote. Feisal angejenga. Mama angelala. Mimi ningetoka pale nikiwa mtu aliyeandika vizuri. Nililiweka ulimini kabisa. Naukumbuka uzito wake. Sijui ni nini kilinizuia. Ningependa kusema ni uaminifu, lakini nilikuwa nimekaa miaka tisa bila huo uaminifu. Labda niliogopa tu harufu ile ya barabarani kila mvua zikisha kunyesha.

"Hakupelekwa, mama. Niliandika kichaka."

Jogoo alipita kati yetu. Bi Mbodze aliivuta sindano kutoka kilembani, akamaliza mshono aliokuwa ameuacha, akakata ukili kwa meno.

"Wajua yuko wapi?"

"Kutoka kalvati ya pili, hatua thelathini na nne, upande wa kushoto uendapo Lunga Lunga. Chini ya lami."

"Umezihesabu."

"Nimezihesabu."

"Lini?"

"Miaka tisa iliyopita."

"Miaka tisa," alisema. "Nami napita hapo na basi, nikienda kwa Hanifa, nikila machungwa." Hakuinua sauti. "Maganda nikiyatupa dirishani."

Omba msamaha, nilijiambia, na nikaomba, na maneno yakatoka yakiwa ya kitabuni, yamepangwa vizuri mno. Aliyasikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza hotuba ya harusi.

Feisal alitokea mlangoni na soda mbili. "Nani yuko chini ya lami?"

"Kakako," alisema mama yake.

Alimweleza. Kwa mara ya kwanza katika miaka zaidi ya thelathini alimtaja mtoto yule mbele ya mtu, akiwa ameukazia macho mkimwemwe, si sisi. Feisal aliziweka chupa chini taratibu. Aliufuata mstari wake wa chokaa, akaanza kuufuta kwa mguu.

"Nitajenga upande ule mwingine, mama. Au chumba kimoja. Mti ukae."

"La," alisema Bi Mbodze. "Mti utoke."

Sote wawili tulidhani ni hasira.

"Huu hauna mtu hapa," aliendelea. "Nimemngoja aje, kumbe hawezi kuja, amelaliwa na barabara. Basi tumpelekee."

Hapo ndipo nilipolazimika kuwa msomi. Nikamwambia kwamba mkimwemwe hushusha mzizi chini kuliko unavyoinua kichwa. Kwamba mti wa umri ule ukihamishwa hufa mara nyingi kuliko kupona. Kwamba ningeweza kumpatia mche mchanga kitaluni kwangu, uliokwisha kuzoea mfuko.

"Wa kwako hautokani na mti wake. Huu ulitoka kwenye tunda lake."

"Mama, huu utakufa."

"Ukifa, utafia kwake."

Tulingoja masika. Feisal aliahirisha msingi, na alipoulizwa na wakwe zake watarajiwa alisema saruji imepanda bei. Mvua ya kwanza ilipolainisha udongo tulichimba siku mbili, mimi na yeye, tukiuzunguka mti kwa mbali na kushuka taratibu. Bi Mbodze alikaa kando akitukemea. "Polepole, Feisal, hiyo si mihogo." Katika kina cha kiuno changu mzizi mkuu bado ulikuwa mnene kama kifundo cha mkono, na bado unashuka. Hapakuwa na njia ila kuukata. Nilimtazama Bi Mbodze, naye akanipa panga kwa mkono wake.

Tuliufunga udongo wa mizizi kwa magunia, tukaupakia mti kwenye pikapu. Bi Mbodze hakukubali kukaa mbele na dereva. Alikaa nyuma, mkono mmoja kwenye shina, kanga yake imelowa.

Nje kidogo ya mtaro wa barabara kipo kipande chembamba ambacho lami haikukihitaji. Ni hatua tano kutoka kwa mtoto. Karibu zaidi ya hapo haiwezekani. Nilizihesabu zile thelathini na nne mbele ya mama yake, kwa sauti, na katika maisha yangu sijafanya mtihani mgumu kuliko huo. Feisal alichimba. Mwenye bodaboda mmoja alisimama, abiria wake akachungulia.

"Mama, mwapanda miti ya serikali?"

"Wa kwetu," alijibu Feisal.

"Si wataufyeka hao wasafisha barabara?"

"Wakija watanikuta nimekaa," alisema Bi Mbodze.

Mti uliposimama, alituomba tuondoke hadi kwenye gari. Tulikaa mbele tukiwa tumekipa kisogo kile kipande. Kwenye kioo cha pembeni nilimwona ameinama karibu na ukingo wa lami, midomo ikitikisika, na wakati huohuo yakapita malori mawili yakifuatana. Kama alilitamka jina, lilikwenda na upepo wa magurudumu yao.

Baada ya wiki tatu majani yote yalikuwa yamepukutika. Vyumba vya Feisal vimefika usawa wa dirisha. Bi Mbodze huenda barabarani kila Alhamisi, huteremka kwenye kalvati ya pili na chupa ya maji, na wasafisha barabara wamekwisha kumjua. Msimamizi wao, Kimeu, ameuzungushia mti kamba nyekundu ili vijana wake wasisahau.

Alhamisi iliyopita Bi Mbodze alinitaka nimfuate. Matawi yalikuwa ya kijivu, makavu machoni, kama mifupa ya mwavuli. Alinionyesha kwa kidole.

"Uko hai?"

Nilikwaruza gome kwa ukucha. Tawi la juu lilikuwa kavu hadi ndani. Nikashuka kwenye shina, karibu na udongo, nikakwaruza tena. Hapo palikuwa na unyevu kidogo, lakini rangi yake haikuwa ya kijani, wala haikuwa ya mti uliokufa.

"Sijui, mama," nilisema.

Alipima jibu hilo, akaliona linatosha kwa siku ile. Akatandika kanga juu ya ukingo wa mtaro, akaketi akiwa ameyapa malori mgongo, akafungua chupa yake.

"Nenda zako kabla jua halijawa kali," alisema. "Sisi bado tupo."